Betri Yako Haikufa, Baba

Kericho, Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Kwanza goti. Dada yangu Akoth ameniandikia kwamba tangu urudi kutoka safari ile, goti lako la kushoto limevimba, na kwamba unakataa kulikanda na maji moto. Tafadhali Baba, mruhusu Mama alikande. Na Mama mwenyewe je, kifua kimepoa? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mimi huku mwili uko sawa, chakula napata, ingawa kulala kwenyewe siku hizi ni kujigeuzageuza tu. Mvua ya Kericho unaijua kuliko mimi: ikifika saa nane mchana lazima ipige mabati. Majani yamejaa, kiwanda kinavuma, na wale wazee wachache waliobaki kwenye chumba cha kupakia bado wananiita mtoto wa Onditi Rangi, kwa sababu ya brashi yako na yale masanduku ya chai uliyoyaandika miaka ishirini na sita.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha. Ulikuwa ukisema Kijaluo ni cha kuongea na Kiswahili ni cha kuandika, maana pale kwenye nyumba za laini za wafanyakazi Mkipsigis, Mkisii na Mjaluo wote walikuwa wanasoma karatasi moja. Basi leo nina karatasi. Naomba uisome ukiwa umeketi, na uisome peke yako kwanza.

Baba, betri yako haikufa.

Hii ni barua ya tatu. Ya kwanza nilijaza ukurasa mzima na habari za mvua, nikafika mwisho bila kusema kitu. Ya pili niliilaumu ofisi, nikaona haya, nikaichana. Kwa hiyo hii nimeanza na neno lenyewe, nisipate mahali pa kurudi nyuma. Sasa nivumilie nikueleze lilivyoanza, halafu utasema utakalosema.

Unajua kazi yangu ni kuhesabu majani ya wakulima wadogo. Leo niko Kimulot, kesho Kiptere, kesho kutwa kule chini Longisa, naandika nani amechuma kilo ngapi, miche yake ni ya aina gani, mbolea aliweka lini. Miaka yote nilikuwa na kitabu kikubwa na penseli. Mwanzo wa mwaka huu ofisi ikanipa kompyuta ya kubeba, ile wanayoiita laptop, inafungwa na kufunguliwa kama Biblia, ina rangi ya majivu na uzito wa kuku wawili wanene. Kitu cha ajabu, Baba. Unaandika kilo, yenyewe inajumlisha. Lakini ina betri yake ndani, na hiyo betri ni ya saa moja na dakika chache. Baada ya hapo inaanza kulia pi, pi, pi kama kifaranga aliyeachwa na mama yake, na usipoiwahi kila kitu ulichoandika kinapotea. Na stima haijafika kwenye kituo hata kimoja cha kupimia majani.

Mkubwa wangu akaniambia, "Owino, tafuta betri ya nje. Uliza mafundi, chagua ile inayofaa, ulete risiti."

Nikaenda kwa Fundi Kiprono, yule wa kuchaji betri pale mjini nyuma ya kituo cha petroli. Wewe ulimwacha akiwa kijana, sasa ana mvi na bado suruali zake zote zina matundu ya asidi. Alikata ile waya ya kuchomeka kwenye gari mahali pa kuwashia sigara, akaifunga vibanio viwili vya chuma, kimoja chekundu na kimoja cheusi, akanionya: "Nyekundu kwa nyekundu. Ukibadilisha hata mara moja tu, utalilia hiyo mashine." Kisha akaniazima betri ya pikipiki nijaribu. Ilikuwa nyepesi, nikaibeba kwa mkono mmoja nikijisifu, nikafika Kiptere, ikanipa dakika arobaini ikanyamaza. Nikarudi. Akaniazima ya gari. Hiyo ilifanya kazi siku ya kwanza na ya pili, lakini wiki ya pili ikawa haikubali tena kujaa.

Kiprono akacheka. "Betri ya gari ni kama kijana wa kuinua gunia," akasema. "Anainua mara moja, puu! halafu anataka kupumzika. Wewe unataka kama mama wa kuchuma chai. Polepole, asubuhi mpaka jioni, na kesho tena. Hiyo inataka sahani nene ndani. Hapa mimi sina. Nitaagiza Nakuru, wewe ngoja mwezi moja."

Mwezi mmoja, Baba. Ningeweza kungoja. Nilikuwa na kitabu na penseli.

Ndipo nikaja nyumbani Pasaka. Unakumbuka ulivyokuwa umeketi karibu na dirisha, redio mapajani, unalalamika kwamba sauti inafifia kabla habari hazijaisha. Ulisema yule kijana wa kuchaji huko Kendu anaichemsha betri kama mayai. Ukazifungua waya zake mbili kwa mkono wako, ukaiweka betri ndani ya gunia, ukaniambia, "Peleka kwa mafundi wa Kericho. Wale wa wakati wangu walikuwa wanajua kazi." Mama akauliza, na redio itakula nini? Maana redio yako haijakubali zile betri ndogo tunazoita mawe tangu yale mawe ya zamani yalipovuja yakala spring zake. Ukasema wiki mbili si kitu, hata masikio yanahitaji likizo. Na Mama Pilista, yule jirani anayekuja kila siku na kigoda chake kusikiliza matangazo ya vifo, akasema, "Owino, usichelewe, sisi wote tunasikia kwa hiyo betri." Nikacheka. Nikaapa kwamba wiki mbili hazitapita.

Kiprono aliiweka kwenye chaji siku mbili. Akazibua vifuniko sita, akaingiza kile kipimo chake cha kioo kwenye kila shimo, akapiga mluzi. "Hii umetoa wapi?" Nikamwambia ilikuwa ya mitambo ya simu pale kiwandani, wakauza vitu vya zamani ulipostaafu. Akaipigapiga mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe. "Haina ugonjwa. Ilikuwa na kiu tu, nimeongeza maji. Hii ndiyo sahani nene nilikuwa naambia wewe! Hata ile ya Nakuru haitafikia hii."

Nilijiambia nitaijaribu siku moja. Baba, mtu akianza kusema "siku moja tu" mkamate mkono. Niliipeleka Kimulot kwenye pikapu ya ofisi, nikaiweka chini ya meza ya kupimia, nikafunga nyekundu kwa nyekundu. Kompyuta iliwaka saa mbili asubuhi. Saa kumi jioni wakulima wa mwisho walipokuwa wanamwaga vikapu, bado ilikuwa inawaka, bila kulia, bila kufifia. Nilikaribia kuimba.

Nataka nikueleze na hili, ingawa linaniaibisha zaidi. Kitabu kingetosha. Kazi ile ile ingeandikwa na penseli, na jioni ningeiingiza kwenye kompyuta pale ofisini penye stima, saa mbili tu za ziada. Lakini nikiwa na kitabu hakuna aliyenitazama. Nikiwa na kompyuta, wakulima walikuwa wanaacha foleni ya mizani kuja kuona. Kogo Tabarno, bibi mmoja wa hapo Kimulot mwenye mashimo makubwa masikioni, aliniomba nimwonyeshe jina lake. Nikamwonyesha, Tabarno, na kilo zake za mwezi mzima chini yake. Akaweka kidole kwenye kioo, akawaita wenzake kwa Kikipsigis, wakapiga makofi. Wakaanza kuniita daktari. Ndiyo hivyo, Baba. Niliuza redio yako kwa makofi.

Kisha nikakuandikia ile barua. Unayo bado, najua, wewe hutupi karatasi. Nilisema fundi ameifungua betri akakuta sahani zimeoza, kwamba imekufa kabisa, na kwamba nitakutafutia nyingine pole pole. Nilijidanganya kwamba si uongo mkubwa, ni wa mwezi mmoja tu, ya Nakuru ikifika nitakurudishia yako na kusema fundi amefanya muujiza. Nawe ukanijibu kwa zile herufi zako kubwa za masanduku ya chai: BASI, KILA KITU HUFA. ASANTE KWA KUHANGAIKA. Niliisoma mara moja nikaificha chini ya godoro. Mpaka leo iko hapo hapo.

Upande mmoja wa betri kuna jina lako. Uliliandika kwa rangi nyeupe ya kiwanda, kwa lile bati lililotobolewa herufi, ONDITI, vilevile ulivyokuwa unaandika masanduku. Chini ya meza nilikuwa naugeuza upande huo uje kwangu, wakulima wasiuone. Sikutaka mtu aulize Onditi ni nani. Kwa hiyo jina lako lilikaa siku zote likigusa mguu wangu.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumatano, tuko Kimulot. Lori la kubeba majani lilikuwa limechelewa, wakulima wamekaa juu ya vikapu, na mwenye kantini alikuwa amefungulia redio yake kwa sauti ya juu. Habari za saa saba zikaisha, yakaja matangazo ya vifo. Mimi naandika tu, sisikilizi. Ndipo nikasikia Usenge. Nikasikia Mama Auma. Halafu mtangazaji akasema, na nakumbuka kila neno, kwamba habari zimfikie kaka yake Bwana Onditi wa Kendu, na watoto wake wote popote walipo, kwamba mazishi ni Jumamosi nyumbani kwake.

Shangazi yangu. Waya wetu, kama tulivyomwita kwa Kijaluo. Mkono ulikaa juu ya kompyuta, haukwenda mbele wala nyuma.

Kogo Tabarno alikuwa ananiangalia. "Owino, huyo si ni wa kwenu?"

"Ni shangazi yangu, Kogo. Dada ya Baba, ni mmoja tu, aliolewa Usenge."

"Uui! Pole, mtoto wangu. Pole sana." Akashika kichwa. "Na mzee yako, amesikia?"

Nikamjibu bila kufikiri hata kidogo. "Amesikia. Mzee wangu hakosi matangazo ya saa saba."

Baba, nilisema hivyo betri yako ikiwa imeegemea mguu wangu. Jina lako limetajwa kwenye redio, na jina lako hilo hilo liko kwenye suruali yangu, na sikuyaunganisha. Tangu nizaliwe nimekujua wewe na redio. Kichwani mwangu wewe saa saba ulikuwa pale dirishani, Mama Pilista na kigoda chake, mnasikiliza, mnashtuka, Mama anaanza kulia. Nilikuona kabisa. Nilikuona hata ukitafuta viatu vyako vyeusi. Niliiba betri halafu nikasahau kwamba nimeiba. Sijui kama kuna mjinga mwingine wa namna hii duniani.

Na mimi mwenyewe kwa nini sikwenda? Wageni kutoka Nairobi walikuwa wanakuja Jumatatu kuangalia kazi ya kompyuta, mkubwa wangu alitaka hesabu zote ziwe kwenye disketi. Nikajiambia Baba atasimama kwa niaba yetu sote. Nikaomba kimya kimya kwa ajili ya shangazi, nikaendelea kuandika. Jumamosi nilishinda nafanya kazi. Betri yako ilifanya kazi vizuri sana siku hiyo.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya Akoth. Dada yangu haandiki mambo mengi, lakini safari hii aliandika yote. Kwamba habari ulizipata Jumanne, siku tatu baada ya mazishi, sokoni, kwa mwanamke muuza omena aliyetoka Usenge ambaye alikupa pole akidhani umetoka huko. Kwamba ulikaa chini pale pale kati ya mafungu ya samaki. Kwamba ulipofika Usenge udongo ulikuwa umekauka juu.

Kwamba Odongo, mtoto wa kwanza wa shangazi, alikataa jeneza lishushwe kabla mjomba hajafika. Walikuwekea kiti mbele, chini ya hema. Walingoja kutoka saa sita mpaka saa kumi, mchungaji akitazama wingu, wazee wakitazama njia. Na kwamba watu walianza kunong'ona juu ya yale maneno ya zamani ya fahali mliyemgombania wewe na mume wa shangazi, ambayo mliyamaliza mkala sahani moja kabla mimi sijaanza shule. Wakasema kumbe Onditi hakusamehe. Wakasema ameweka kinyongo mpaka kwa maiti ya dada yake. Shangazi ambaye ulimbeba mgongoni mkivuka mto baada ya mama yenu kufa, ukiwa wewe mwenyewe bado mtoto! Hadithi hiyo nimeisikia mara ngapi? Nayo ndiyo waliyokuvua siku ile.

Akoth anasema ulijaribu kuwaeleza. Ulisimama kando ya kaburi ukasema redio yako haina betri, mwanao aliipeleka kwa fundi, ikafa. Na shemeji mmoja akacheka akasema, "Betri ya mzee inajua siku ya kufa." Anasema ulivua kofia, ukakaa na dada yako kidogo, ukaondoka bila kunywa hata chai. Na nyumbani sasa huongei, Mama akianza kulia unamwambia jambo moja tu: "Betri ilikufa. Si kosa la mtu."

Nilipofika hapo kwenye barua ya Akoth nilitoka nje. Nilikwenda nikasimama katikati ya majani ya chai, mvua inanyesha, nikalia kama mtoto, na sikujali ni nani ananiona. Si kosa la mtu! Umenitetea na hujui umenitetea kwa nini. Afadhali ungenichapa.

Na subiri, kuna lingine, nalo pia lazima ulijue. Kesho yake nilikwenda kwa Kiprono kumwuliza ile betri ya Nakuru itafika lini, niachane na hii. Akanishangaa. "Ile yako? Iko hapa siku nyingi. Nilifikiri hutaki tena." Akaivuta kutoka chini ya benchi, ina vumbi la kuandika jina. Ilikuwa imefika kama wiki tatu kabla shangazi hajafariki. Wiki tatu, Baba. Ningeenda kuuliza mara moja tu, ungekuwa dirishani na redio yako siku ile. Sikuuliza kwa sababu mwenye shibe haulizi chakula kinaiva lini.

Nilimweleza Kiprono yote. Alisikiliza huku anapangusa mikono na kitambaa, halafu akasema, "Mimi nilichaji tu. Hiyo ingine enda uchaji wewe mwenyewe."

Kimulot nako nilikwenda na kitabu na penseli. Wakulima wakauliza daktari amepeleka wapi mashine. Kogo Tabarno aliniita kando, akaniuliza mzee alifika mazishini? Nikamwambia hapana, na nikamwambia kwa nini. Yule mama hakunigombeza. Aliinama akatazama pale chini ya meza, mahali betri ilipokuwa inakaa, akatingisha kichwa. Kisha akasema, "Wewe ulisema amesikia. Sasa enda useme tena, mahali ulikosa kusema." Akaniwekea kibuyu cha maziwa yaliyoganda ya mursik nikuletee wewe. Nilitaka kukikataa nikashindwa.

Basi hivi ndivyo nimepanga, na sikuombi ruhusa, kwa sababu ukinikataza nitafurahi, na sistahili furaha hiyo. Nimechukua likizo yangu yote. Ijumaa naondoka, lakini siji nyumbani kwanza. Ninapitia Kisumu naenda moja kwa moja Usenge. Betri naibeba mimi mwenyewe ndani ya gunia lile lile ulilonipa, vifuniko vimezibwa na nta asidi isimwagike. Kiprono ameijaza mpaka juu. Uzito wake naujua vizuri sasa, na safari ni ndefu, na iwe hivyo.

Nikifika nitamwomba Odongo aite wale waliokuwapo, na yule shemeji aliyecheka asikose. Nitaiweka betri mbele ya nyumba ya shangazi, jina lako likiwa limeangalia watu, siyo mguu wangu. Nimenunua balbu ya taa ya gari na waya mbili fupi. Nitaifunga balbu hiyo mbele yao, na itawaka, waione kwa macho yao kwamba betri ya mzee haikufa siku ile wala siku yoyote. Halafu nitawaambia ilikuwa wapi. Wakisema basi Onditi alitudanganya alipotuambia imekufa, nitawaambia hakudanganya. Aliambiwa na mwanawe, akaamini.

Wakinifukuza, nitaondoka. Wakitaka kunipiga, wapige, mimi ni mtoto wa mjomba wao. Lakini sitaondoka kabla sijamwomba Odongo jambo moja, kwamba aje nami mpaka kwetu Kendu, aketi na wewe, akueleze mwenyewe mama yake alisema nini siku zake za mwisho. Hayo ulipaswa kuyasikia Jumamosi ile. Mimi siwezi kukurudishia Jumamosi. Hilo nalijua, na nitaishi nalo.

Kwa hiyo Jumapili, saa za baada ya kanisa, ukisikia mbwa anabweka langoni, ni mimi. Labda na Odongo, labda peke yangu. Usije kunipokea njiani kama unavyofanya siku zote. Kaa tu pale dirishani. Nitaingia, nitafunga waya zako mbili, nyekundu kwa nyekundu, kisha nitapiga magoti, na wewe useme. Ukinyamaza pia nitaelewa.

Mama umsalimie, lakini barua usimsomee mpaka uwe tayari. Mwambie tu nakuja, anikaangie kitu au asinikaangie. Akoth, dada yangu, mwambie namshukuru kwa kutonificha, na kwamba maneno yake makali nimeyapokea. Mpe pole Mama Pilista, jirani yetu, amekaa miezi bila sauti kwa sababu yangu. Mwambie Jumatatu saa saba aje na kigoda chake. Wazee wa chumba cha kupakia wanakusalimu, wamesikia una msiba, wamechanga sukari, nami naileta. Kogo Tabarno nimekwisha kukueleza. Hamjaonana, lakini anakuita mzee wetu.

Na Baba, kuanzia sasa mtu akikuuliza kwa nini hukufika Usenge, naomba usiseme tena kwamba si kosa la mtu. Ni kosa la mtu. Yuko Kericho, umri wake ni miaka thelathini na moja, na ulimfundisha kusoma kwa kufuata na kidole jina lako kwenye masanduku ya chai.

Mwanao uliyemwamini,
Owino